Muulize Musawo: Kingamwili huja virusi vimeshatoka

Mvua zimerudi, watu wanakohoa, na barua nyingi zilizonifikia safari hii ni za mafua na korona. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ina jambo ambalo nimekuwa nikilieleza tangu mwaka 2020, nilipokuwa nikichukua sampuli za madereva mpakani Busia, na hadi leo linaponza watu.

Musawo, shikamoo. Mimi ni dereva, nabeba saruji kutoka Tororo kwenda Kampala. Juzi niliamka na kichwa kizito na koo linawasha. Nikapita kliniki moja ya barabarani, wakanitoboa kidole, wakatia damu kwenye kipimo cha plastiki, na baada ya dakika kumi na tano wakaniambia sina korona. Nikaenda nyumbani, nikala na watu wangu, nikalala. Siku nne baadaye mke wangu akaanza kukohoa, kisha mama yangu mzazi, ambaye ana sukari. Mama amelazwa, amepimwa puani, anayo. Nami nimepimwa puani, ninayo. Kliniki ilinidanganya, au niliipata baadaye? – Dereva, Tororo

Kaka, pole kwa mama. Kabla ya yote, waombe wauguzi wampime sukari mara kwa mara akiwa wodini, maana maambukizi huipandisha hata kwa mtu aliyekuwa anaidhibiti vizuri.

Sasa nakujibu. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini asubuhi ile ulipotobolewa kidole tayari ulikuwa na korona, tena ulikuwa katika siku zako za kuambukiza sana. Kipimo ulichofanyiwa hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza ili kukikamata kirusi. Siku ya kwanza ya koo kuwasha, mwili bado haujazitengeneza. Damu yako haikuwa nazo, kipimo kikasema hazipo, na hapo kilisema kweli. Kosa liko kwa aliyelitafsiri jibu hilo kuwa “huna korona”. Alikuuzia kipimo halali kwa siku isiyo yake.

Najua kwa nini ulimwamini. Sisi watu wa Uganda tumezoea kutobolewa kidole. Mtoto akipata homa, VHT, yule mhudumu wa afya wa kijijini, anatoa kipimo cha malaria, anachukua tone la damu, na jibu unalipata hapo hapo kibarazani. Lakini kipimo cha malaria kinatafuta protini za kimelea chenyewe, na kimelea hicho makao yake ni kwenye damu. Ukiwa na malaria leo, kinaiona leo. Korona makao yake ni puani, kooni na mapafuni.

Kipimo kinachokaribiana na chako ni kile cha virusi vya UKIMWI, kinachotafuta kingamwili pia. Unakumbuka mshauri nasaha anavyomwambia mtu aliyejiweka hatarini wiki iliyopita? Humpima, kisha humwambia arudi baada ya muda, kwa kuwa kuna kipindi cha dirisha ambapo virusi vimejaa mwilini na kipimo hakioni kitu. Hilo tumefundishwa kwa miaka mingi na watu wetu wanalielewa vizuri. Korona nayo ina dirisha lake, fupi kuliko lile, la wiki moja hadi mbili, na ndani ya siku hizo hizo ndimo mgonjwa anamoambukiza wengine.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwangu ulitoka Ujerumani, mwanzoni kabisa mwa janga. Januari 2020 mfanyakazi mmoja alisafiri kutoka Shanghai kwenda kwenye mikutano ya kampuni yake karibu na Munich. Wenzake wakaambukizwa. Wagonjwa tisa wa kundi hilo, watu wazima wasio wazee, walilazwa Munich, na timu ya akina Roman Wölfel, Christian Drosten na Clemens Wendtner ikawafuatilia siku baada ya siku. Walichukua sampuli za koo kwa vijiti, makohozi, kinyesi, mkojo na damu. Hawakuridhika kuona vinasaba vya kirusi tu. Walijaribu kuviotesha virusi maabara ili kujua kama viko hai. Matokeo yalichapishwa katika jarida la *Nature* Aprili 2020.

Tazama siku zao. Kooni virusi vilikuwa vingi tangu siku ya kwanza ya dalili, na kilele kilikuja kabla ya siku ya tano. Kijiti kimoja cha koo kilikutwa na nakala za vinasaba vya kirusi zaidi ya milioni 700. Kwa SARS, ugonjwa wa kirusi ndugu wa korona uliosambaa mwaka 2003, kilele kilikuja kati ya siku ya 7 na ya 10, na nakala kwenye kijiti zilifika kama laki tano tu. Virusi hai vilipatikana kwenye koo na makohozi ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya siku ya nane havikuoteshwa tena kutoka kwa mgonjwa yeyote kati ya hao tisa, ingawa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kiliendelea kuona mabaki yake. Kingamwili je? Nusu ya wagonjwa walikuwa nazo baada ya siku ya saba. Kufikia siku ya 14 wote walikuwa nazo.

Ziweke hesabu hizo mbili pamoja, kaka. Wakati nusu ya watu wameanza kuonyesha kingamwili, virusi hai kooni vinaelekea kwisha. Kwa hiyo mtu anayeambiwa “huna kingamwili” siku ya pili ya ugonjwa yuko kwenye kundi lile lile linalotoa virusi kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu Aprili 2020 kwamba vipimo vya haraka vya kingamwili visitumike kumtibu wala kumwongoza mgonjwa. Vinafaa kwa utafiti, kwa mfano kujua ni watu wangapi wa kijiji fulani walishapitiwa na ugonjwa miezi iliyopita.

Jambo jingine lililoonekana Munich ni kwamba kingamwili zilipoingia, virusi havikuporomoka ghafla. Viliendelea kushuka polepole kama vilivyokuwa vikishuka. Mwili una askari wengine wanaofika mapema, zikiwemo seli zinazoua seli zilizoambukizwa. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaopimwa damu, wakaambiwa kingamwili zimeingia, wakaona siku hiyo hiyo wameruhusiwa kukaa na wazee. Hapana. Hesabu siku za ugonjwa.

Safari nyingine ukiamka na koo la namna hiyo, omba kipimo cha kijiti cha puani, ama kile cha haraka kinachotafuta protini za kirusi, ama PCR. Cha haraka kikisema huna na dalili zinaendelea, rudia baada ya saa 48, kwa kuwa siku ya kwanza huenda virusi puani havijatosha kuonekana. Na usingoje kipimo ndipo umlinde mama. Lala chumba kingine, fungua madirisha, vaa maski mnapokutana, kula peke yako kwa siku hizo. Kama una utingo, kumbuka kwamba kabini ya lori iliyofungwa vioo ni chumba kidogo kuliko vyote unavyoingia, na mnavutiana pumzi humo saa nyingi. Shusheni vioo hata kama vumbi la barabarani linakera.

Musawo, mimi ni mkuu wa shule ya bweni karibu na Jinja. Mwanafunzi wangu wa S4 (kidato cha nne) aliugua korona, akapelekwa nyumbani. Bodi inataka cheti cha PCR kinachoonyesha hana ndipo arudi. Sasa ni wiki ya tatu, amepona kabisa, anacheza mpira kwao, lakini kila akipimwa anayo. Mitihani iko karibu. Nimkubalie? – Mwalimu Mkuu, Jinja

Mwalimu, mrudishe mtoto darasani.

PCR ni kipimo kikali mno. Kinachukua kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi na kukizidisha mara nyingi hadi kionekane. Hakiulizi kama kipande hicho kimetoka kwenye kirusi kizima au kwenye mabaki. Ukiingia sebuleni ukakuta maganda ya karanga sakafuni utajua karanga zimeliwa, lakini huwezi kusema kwamba zimebaki. Mwili huchukua wiki kadhaa kuyafagia maganda hayo, na baadhi ya watu huendelea kuonekana “wanayo” kwa mwezi mzima na zaidi bila kumwambukiza yeyote.

Uingereza walifanya jaribio ambalo wengi wetu tusingethubutu kulifanya. Vijana 36 wa miaka 18 hadi 29, waliojitolea, ambao hawakuwa wamechanjwa wala kuugua kabla, waliwekewa puani tone lenye kiasi kidogo cha virusi. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Karibu nusu yao waliambukizwa. Virusi vilionekana kooni kwanza, kama saa 40 baadaye, kisha puani, na huko puani ndiko vilikokuwa vingi zaidi. Kilele kilikuja kama siku ya tano tangu kuambukizwa, na virusi hai viliendelea kupatikana puani kwa wastani wa siku kumi hivi. Huyo mwanafunzi wako ana wiki tatu.

Mwanzoni mwa janga sheria ilikuwa kama hiyo ya bodi yako. Mgonjwa hakuruhusiwa kutoka mpaka apate majibu mawili ya “hana”, yakipishana kwa saa 24 au zaidi. Watu waliopona walibaki wamefungiwa wodini, nasi maabara tukaendelea kuwapima huku vifaa vikiwa haba, na wagonjwa wapya wakisubiri nje. Tarehe 27 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likabadilisha: mwenye dalili aruhusiwe siku kumi baada ya dalili kuanza, na angalau siku tatu zaidi akiwa hana homa wala dalili za kifua. Msingi wake ulikuwa tafiti za namna ile ya Munich.

Nina neno moja kwa bodi yako, mwalimu, na ulisome kwenye kikao ukipenda. Watoto wa nchi hii walifungiwa shule Machi 2020, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wasichana wangapi hawakurudi kabisa? Mtoto aliyepona asipotezewe hata siku moja zaidi kwa sababu ya karatasi.

Kuna watu ambao hesabu hiyo haiwahusu: wale ambao kinga yao imeshuka sana. Afrika Kusini iliripotiwa habari ya mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI ambavyo havikuwa vimedhibitiwa, akaendelea kuwa na korona kwa zaidi ya miezi sita. Kama una mwanafunzi au mwalimu wa namna hiyo, zungumza na daktari wake kwa siri, na umsaidie asikose dawa zake za ARV.

Musawo, nilikuwa Gulu mwaka 2000 Ebola ilipoingia. Tuliambiwa mtu wa Ebola haambukizi kabla hajaanza kuugua. Mwaka 2022 ile ya Mubende wakarudia vile vile. Korona ilipokuja tukaambiwa hata anayejiona mzima anaambukiza. Virusi ni virusi. Nani alisema kweli? – Mama mfanyabiashara, Arua

Dada, wote walisema kweli, na swali lako lingefaa kufundishwa chuoni.

Ebola huzaliana ndani ya mwili na kujaa kwenye damu. Siku ya kwanza ya homa virusi bado ni vichache, hata kipimo kinaweza kukosa kuviona. Ndiyo maana mtu anayeshukiwa akipimwa mapema akaonekana hana, hapewi ruhusa mpaka arudiwe dalili zikifika saa 72. Virusi huongezeka kadiri mgonjwa anavyozidiwa. Anapotapika, anapoharisha, anapotokwa damu, hapo ndipo hatari ni kubwa, na maiti yake ni hatari kuliko yeye alivyokuwa hai. Kwa hiyo Ebola huwapata waliomuuguza na waliomwosha. Wewe ulikuwa Gulu, huhitaji nikusimulie. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyeitambua Ebola ile na kuipigania, alifariki kwayo Desemba 2000, na wauguzi wake kadhaa walimtangulia. Waliambukizwa kwa kuwa walikaa na wagonjwa katika saa zile mbaya ambazo wengine wote walikimbia.

Korona imepinduka. Huanza kuzaliana mlangoni, kooni na puani, mahali ambapo kila neno, kila kicheko na kila wimbo wa kanisani hutoa matone. Kilele chake huja mgonjwa akiwa bado anatembea, siku ile ya koo kuwasha au siku moja mbili kabla yake. Watafiti wa Guangzhou na Hong Kong walikadiria mwaka 2020 kwamba karibu asilimia 44 ya maambukizi waliyoyachunguza yalitokea kabla anayeambukiza hajasikia dalili. Katika kundi lile la Munich kuna mfanyakazi aliyeambukizwa kwenye chumba cha chakula cha kampuni. Wachunguzi walipouliza na kuuliza, kitu pekee walichopata ni kwamba yeye na mwenzake wa meza ya nyuma waligeukiana kuazimana chumvi. Mwenzake huyo, aliyemwambukiza, hakuwa na dalili bado. Vinasaba vya kirusi vikathibitisha njia ilikuwa hiyo.

Sasa fikiria kipimajoto cha mpakani, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso. Kwa Ebola kina maana kubwa, kwani mwenye kuambukiza huwa tayari ana homa. Kwa korona nilikuwa nasimama hatua chache kutoka kwenye kipimajoto hicho pale Busia, naona madereva wanapita wakiwa na joto la kawaida kabisa, wanatania, wanauliza bei ya ndizi, kisha majibu ya vijiti vyao yanarudi na wanayo. Foleni ya malori ilikuwa inarudi nyuma kilomita na kilomita upande wa Kenya. Madereva wakalaumiwa kwenye redio kana kwamba walificha ugonjwa. Hawakuficha kitu. Hawakuwa na cha kuficha, kwa sababu hawakuhisi chochote. Lile liliniuma na bado linaniuma, kwa kuwa ndio walioleta chakula na dawa wakati sisi wengine tumejifungia.

Tofauti nyingine ni ya mwishoni. Korona hai huondoka kooni kabla au karibu na wakati kingamwili zinapoingia. Ebola inaweza kufanya kinyume: mtu anapona, damu yake ina kingamwili, haina kirusi, lakini kirusi kimejificha kwenye korodani ambako kinga ya mwili haifiki vizuri, na shahawa zake zinaweza kukibeba kwa miezi mingi. Ndiyo maana wanaume waliopona Ebola hupimwa shahawa na kupewa kondomu. Kuna waliowatenga waliopona kwa sababu hiyo, na huo ni ukatili. Kushikana mikono nao, kula nao, kununua kwenye vibanda vyao hakuna hatari yoyote.

Na kwa kuwa unatoka Arua, nikuambie kitu ambacho huenda hukukisikia shuleni. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ambayo ilipima sampuli zetu za korona, ilianza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Mwaka uliofuata wataalamu wake, wakitafuta homa hiyo huko kwenu, walichukua damu ya mwanamke mmoja mwenye homa wakapata kirusi kisichojulikana duniani. Wakakiita jina la wilaya yenu ya wakati huo, West Nile. Kazi ya kuchunguza virusi na kingamwili haikuletwa Uganda na korona.

Musawo, baba yangu ana miaka 67. Wiki ya kwanza ya korona alikuwa na homa tu, tukafurahi. Siku ya tisa pumzi ikaanza kumbana. Rafiki wa familia anasema tungempa dexamethasone tangu siku ya kwanza, yeye mwaka 2021 aliimeza nyumbani akapona. Na kama kingamwili huingia wiki ya pili, mbona baba amezidiwa wiki hiyo hiyo? – Kijana, Mbale

Mwanangu, kama pumzi bado inambana unaposoma hapa, weka gazeti chini umpeleke hospitali yenye oksijeni. Mengine utayasoma ukiwa benchi la nje ya wodi.

Wiki ya kwanza ni ya kirusi. Wiki ya pili, kwa baadhi ya watu, ni ya mwili wenyewe. Kirusi kimeshapungua, lakini kinga iliyoamshwa inaendelea kupigana mapafuni hadi inayaumiza, yanajaa majimaji na oksijeni haipiti. Kingamwili kuwapo kwenye damu hakuzuii hilo. Waliougua sana mara nyingi hukutwa na kingamwili nyingi kuliko waliougua kidogo. Kwa hiyo mtu akija na karatasi akasema “baba ana kingamwili, amepona”, tazama kifua chake kinavyopanda na kushuka kabla hujaitazama karatasi. Kama mna kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kikishuka chini ya 94, msingoje asubuhi.

Dexamethasone inatuliza kinga. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionyesha Juni 2020 kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumua, na kwa moja ya tano kwa walio kwenye oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida yoyote. Ukimpa mtu siku ya kwanza, wakati virusi viko kwenye kilele na mwili ndio unajikusanya, unawafunga mikono askari vita vikianza. Kwa mwenye sukari unaipandisha juu zaidi. Rafiki wa familia alipona, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini watu wengi zaidi wenye korona nyepesi walipona bila kumeza chochote. Dawa hii ni ya hospitali, kwa wakati wake na kwa kipimo chake. Baba akiandikiwa huko sasa, mwacheni aimeze.

Musawo, hapa Kisenyi tunatumia choo kimoja familia nane. Jirani ana korona. Nimesoma kwenye simu kwamba virusi hutoka hata kwenye kinyesi. Watu wanataka kumzuia asiingie chooni. – Mpangaji, Kampala

Ndugu, waambie wamwache.

Ni kweli vinasaba vya korona huonekana kwenye kinyesi, tena kwa wingi na kwa muda mrefu. Kule Munich walijaribu kuotesha virusi kutoka kwenye kinyesi cha wagonjwa na hawakupata kirusi hai hata kimoja, wakati makohozi ya siku zile zile za mwanzo yaliwapa virusi hai bila taabu. Damu na mkojo navyo havikutoa kitu. Kinachoambukiza ni pumzi. Kama kuna mahali pa kuhofia katika kiwanja chenu ni ile veranda mnamokusanyika jioni kutazama mpira huku yeye akiwa katikati yenu anakohoa, na ni foleni ya asubuhi ya choo hicho hicho, watu wakisimama bega kwa bega.

Mpangieni muda wake, mapema kabla ya wengine kuamka au baada yao. Avae maski akitoka, aache mlango wazi kidogo hewa ipite akimaliza. Maji na sabuni viwepo mlangoni, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo ndivyo vinavyotoka chooni Kisenyi mvua zikinyesha, na hivyo huua haraka kuliko mnavyodhani. Mpelekeeni chakula mlangoni kwake. Mtu aliyefukuzwa chooni atajificha safari nyingine akiugua, na mtakuwa hamjui kabisa nani yuko kwenye siku zake za kuambukiza.

Alinieleza zaidi mpangaji huyu kwamba jirani mwenyewe ni mama mwenye mtoto wa miezi miwili, na shangazi amemwambia aache kunyonyesha. Asiache. Maziwa ya mama aliyeugua korona hubeba kingamwili, na maziwa hayajathibitika kumpelekea mtoto virusi hai. Anawe mikono, avae maski anaponyonyesha na anapombeba, na akilala amweke upande ambao hampumulii usoni. Mtoto wa umri huo akipata homa, iwe ya korona au ya kitu kingine, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe na malaria, na muuguzi aambiwe tangu mlangoni kwamba mama ana korona.